Ufunguo mmoja, kazi moja: kuunganisha seva mbili kwa SSH bila nywila

Seva mbili zinapohitaji kuwasiliana usiku wa manane, wakati hakuna mtu wa kukaa mbele ya kompyuta na kuandika nywila, njia inayotumika karibu kila mahali ni funguo za SSH, yaani mfumo wa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa ili asiyehusika asiyasome. Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu jambo hili huishia kwenye amri mbili: moja ya kutengeneza ufunguo na nyingine ya kuupeleka upande wa pili. Amri hizo ni sahihi na zinafanya kazi. Kinachokosekana ni swali ambalo ningependa kila msimamizi wa seva ajiulize kabla hajagusa kibodi: ufunguo huu ukiibwa leo, aliyeuiba ataweza kufanya nini? Katika seva nyingi nilizoombwa kuzikagua jibu limekuwa kwamba ataweza kufanya lolote, kwa sababu ufunguo uliowekwa ili kunakili faili moja kila usiku ulipewa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na hakuna aliyeuwekea mpaka wowote.

Nitaeleza kwa kutumia mfano mmoja. Tuna seva ya kwanza, tuiite rufiji, yenye programu ya ofisi na hifadhidata yake ya PostgreSQL. Tuna ya pili, pangani, ambayo kazi yake ni kutunza bakapu. Zote mbili zinatumia Debian 12 na zimo katika mtandao mmoja wa ndani, rufiji ikiwa na anwani 10.20.0.11 na pangani 10.20.0.12. Kila siku saa saba usiku rufiji hutoa nakala ya hifadhidata kwa pg_dump na kuiweka kwenye folda ya /var/bakapu/postgres, na saa nane nakala hiyo inatakiwa iwe imefika pangani.

Uamuzi wa kwanza hauhusu amri yoyote. Ni kuamua nani amfuate mwenzake. Wengi huchagua rufiji isukume nakala kwenda pangani, kwa kuwa rufiji ndiyo yenye data. Mimi huchagua kinyume chake, na sababu yangu ni hii: rufiji ndiyo inayotazamana na intaneti, kwa hiyo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuvamiwa. Ikiwa ina ufunguo wa kuandika pangani, mvamizi wa programu zinazofunga data ili zidai fidia ataharibu hifadhidata, kisha ataufuata ufunguo huo na kuharibu bakapu pia, na hapo ofisi itakuwa haina pa kurudi. Pangani ikiwa ndiyo inayokwenda kuchota, ufunguo wa siri hukaa pangani, na ndani ya rufiji hakuna kitu chochote kinachoweza kufungua mlango wa pangani. Mwelekeo huo pekee huzuia hasara kubwa kuliko nyongeza nyingine zote nitakazozitaja.

Kabla ya kuendelea, inafaa kukumbuka tulikotoka. SSH ilianzia Finland mwaka 1995, pale Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alipoiandika baada ya mtandao wa chuo hicho kuvamiwa kwa kunasa nywila zilipokuwa zikipita kwenye nyaya. Wakati ule telnet na rlogin, programu za kuingilia kompyuta ya mbali, zilisafirisha nywila bila kuzisimba, na yeyote aliyeweza kusikiliza mtandao aliweza kuzisoma. Toleo la OpenSSH, ambalo ndilo tunalolikuta kwenye takriban kila Linux, lilitoka Desemba 1999 likiwa ndani ya OpenBSD 2.6. Hata hivyo, tatizo la seva kuaminiana lilikuwepo kabla ya hapo. Rlogin na rsh zilikuwa na faili liitwalo .rhosts, ambamo uliandika jina la kompyuta nyingine na la mtumiaji wake, na tangu saa hiyo mtumiaji huyo aliingia kwako bila kuulizwa chochote. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa kompyuta ulioandikwa na Robert Tappan Morris ulienea katika intaneti ya wakati ule, na mojawapo ya njia zake ilikuwa kupita katika milango hiyo ya kuaminiana, ukiingia kompyuta moja na kuendelea hadi kila kompyuta iliyokuwa ikiiamini ile ya kwanza.

Nalitaja hilo kwa sababu ufunguo wa SSH usio na nywila wala mipaka unarudisha hali ileile, ingawa hesabu zake ni za kisasa. Kusimba mawasiliano kunamzuia anayesikiliza njiani. Hakumzuii aliyekwisha kuingia ndani ya seva moja na kukuta folda ya .ssh iliyojaa funguo za kwenda seva nyingine.

Jinsi ufunguo unavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Funguo huzaliwa mbili kwa pamoja. Wa umma unauweka kwenye seva unayotaka kuingia, na wa siri unabaki pale ulipotengenezwa. Pangani inapobisha hodi, hutia saini ya kidijitali, kwa ufunguo wa siri, kwenye ujumbe ambao ndani yake mna kitambulisho cha kikao hicho, na rufiji huihakiki saini hiyo kwa ufunguo wa umma ilionao. Ufunguo wa siri hausafiri kamwe. Tena, kwa kuwa kitambulisho ni cha kikao kile tu, saini ya leo haiwezi kutumiwa na mtu mwingine kesho. Nywila haina sifa hizo hata moja, kwa maana kila unapoiandika unaikabidhi kwa seva iliyo mbele yako, iwe ndiyo uliyoikusudia au siyo.

Sasa tuanze kazi. Ndani ya pangani, nikiwa nimeingia kama mtumiaji wa bakapu na wala si root, natengeneza ufunguo:

ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/rufiji_bakapu -C "pangani kwenda rufiji, kuchota bakapu ya postgres"

Aina ya Ed25519 imo ndani ya OpenSSH tangu toleo la 6.5 la Januari 2014, na tangu toleo la 9.5 la mwaka 2023 ndiyo ssh-keygen huitengeneza hata usipoitaja. Ufunguo wake wa umma ni mfupi, unaenea kwenye mstari mmoja wa skrini, jambo ambalo lina faida tutakayoiona hivi punde. RSA bado inakubalika ikiwa na biti 3072 au zaidi, na utaihitaji endapo upande wa pili ni kifaa cha zamani. DSA isahau kabisa, kwa kuwa ilizimwa katika matoleo ya kawaida tangu 2015 na iliondolewa moja kwa moja katika OpenSSH 10.0 ya mwaka 2025.

Maneno yanayofuata -C ni maelezo tu, hayana nguvu yoyote ya kiusalama, lakini nasisitiza yaandikwe kwa lugha inayoeleweka. Mtu atakayelifungua faili la funguo baada ya miaka minne na kukuta mistari kumi na mmoja iliyoandikwa root@localhost hataweza kujua upi ufutwe na upi uachwe, na kwa hofu ya kuharibu ataiacha yote.

Ssh-keygen itauliza nywila ya kuulinda ufunguo. Ukitengeneza ufunguo wako mwenyewe, wa kutumia kutoka kwenye kompyuta yako, weka nywila hiyo bila kusita, kisha utumie ssh-agent, programu (ajenti) inayoushika ufunguo uliofunguliwa ili usiiandike nywila kila mara. Ufunguo wa kazi inayojiendesha saa nane usiku hauwezi kuwa na nywila, maana hakuna wa kuiandika, na kuiandika nywila hiyo ndani ya skripti iliyo kando ya ufunguo hakuongezi ulinzi wowote. Kwa hiyo tunakubali kwamba ufunguo huu uko wazi kwa yeyote atakayelifikia faili lake, na ulinzi wake tunauhamishia upande wa rufiji.

Upande wa rufiji natengeneza akaunti ya kazi hii tu, isiyo na nywila wala sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri kama root:

adduser --disabled-password bakapu

Hapa pana jambo ambalo limewapotezea watu muda mwingi. Kwa nia njema, msimamizi huipa akaunti hiyo /usr/sbin/nologin badala ya sheli ya kawaida (programu inayopokea na kuendesha amri za mtumiaji), akidhani anaibana zaidi. Amri ya lazima tutakayoiweka sasa hivi huendeshwa kupitia sheli ya mtumiaji, hivyo nologin huikataa hata amri hiyo na kujibu kwamba akaunti haipatikani kwa sasa. Iachie /bin/sh. Kitakachombana ni mstari wa ufunguo.

Na mstari wenyewe ndio huu, katika faili la /home/bakapu/.ssh/authorized_keys. Kwenye faili ni mstari mmoja usiokatika, hata kama skrini yako itauonyesha kana kwamba ni kadhaa:

restrict,from="10.20.0.12",command="/usr/bin/rrsync -ro /var/bakapu/postgres" ssh-ed25519 AAAAC3... pangani kwenda rufiji, kuchota bakapu ya postgres

Tuusome pole pole, kwa sababu kazi yote niliyokusudia kuieleza imo humo. Neno restrict, lililoingia katika OpenSSH 7.2 mwaka 2016, linazima kwa mkupuo mmoja kila kitu cha ziada ambacho SSH inaweza kumpa mgeni: terminali, kupitisha poti za mtandao, kupitisha ajenti na kupitisha madirisha ya X11. Uzuri wake ni kwamba hata uwezo utakaobuniwa katika matoleo yajayo utakuwa umezimwa tayari, tofauti na zamani ambapo tuliandika no-pty, no-port-forwarding na nyinginezo moja moja na kuwa na wasiwasi wa kusahau mojawapo. Sehemu ya from inasema ufunguo huu ukubaliwe ikiwa tu mgeni anatoka 10.20.0.12, kwa hiyo mtu aliyenakili faili la ufunguo na kwenda nalo kwake hatapata kitu, isipokuwa awe amekaa ndani ya pangani yenyewe. Sehemu ya command inasema kwamba hata mgeni aombe amri gani, itakayoendeshwa ni hii hapa. Rrsync ni skripti inayokuja pamoja na rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, nayo huangalia ombi lililoletwa, huhakikisha ni la rsync, huifungia ndani ya folda iliyotajwa na, kwa sababu ya -ro, huiruhusu kusoma tu.

Rudi sasa kwenye lile swali la mwanzo. Mwizi wa ufunguo huu, akiwa amefaulu pia kuingia pangani, ataweza kusoma nakala za hifadhidata ambazo tayari zimo pangani. Hataongeza chochote juu ya alichokwisha kukipata. Nadhani ufunguo usio na nywila haustahili kuwekwa kwenye seva yoyote mpaka uweze kusema maneno kama hayo kuuhusu.

Imebaki tuiwezeshe akaunti hiyo kuzisoma nakala. Folda ya /var/bakapu/postgres imilikiwe na postgres, kundi lake liwe bakapu, na ruhusa ziwe 2750 ili mafaili mapya yarithi kundi hilo. Skripti ya pg_dump ianze na umask 027, ili kundi liweze kuyasoma mafaili mapya na wengine wasiweze.

Kuhusu kuufikisha ufunguo wa umma kule rufiji, ssh-copy-id ni amri nzuri kwa ufunguo wa mtu, ila inahitaji kuwe na njia nyingine ya kuingia kwenye akaunti hiyo, na akaunti yetu haina nywila. Zaidi ya hayo, haiandiki masharti yale ya mwanzo wa mstari. Kwa hiyo mstari huu naubandika kwa mkono nikiwa root. Ukiubandika kupitia konsoli ya kwenye kivinjari, angalia usikatike katikati, kwa sababu konsoli nyingi za namna hiyo hupachika mwisho wa mstari pale upana wa dirisha ulipoishia. Ndipo ufupi wa Ed25519 unaposaidia. Amri ya ssh-keygen -lf ikielekezwa kwenye faili la authorized_keys itakuonyesha alama ya kila ufunguo uliomo, yaani muhtasari mfupi unaoutambulisha, na ufunguo uliokatika hautaonekana kwenye orodha.

Kisha ruhusa za mafaili, ambazo naamini ndizo chanzo kikubwa cha malalamiko kwamba ufunguo umekataliwa bila sababu. Folda ya .ssh iwe 700, authorized_keys iwe 600, vyote viwili vimilikiwe na bakapu. Watu hukumbuka hayo na kusahau folda ya nyumbani yenyewe. Ikiwa /home/bakapu inaweza kuandikwa na kundi au na kila mtu, sshd, yaani huduma ya SSH inayopokea wageni kwenye seva, hukataa kuliamini faili lolote lililomo, kwa hoja iliyo sahihi kabisa: anayeweza kuandika kwenye folda ya nyumbani anaweza kuibadilisha folda ya .ssh na kuweka nyingine yenye ufunguo wake. Mgeni haelezwi sababu hiyo. Yeye huona Permission denied (publickey) na basi. Sababu iko kwenye logi ya rufiji, ukiisoma kwa journalctl -u ssh, na imeandikwa wazi:

Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/bakapu

Kwa hiyo ninaposaidia mtu ambaye ufunguo wake umegoma, huanza na logi ya seva inayopokea kabla ya kuongeza -vvv, inayotoa maelezo marefu, kwenye amri ya anayeingia. Upande wa anayeingia hukuambia ufunguo gani umetolewa. Upande wa anayepokea ndio unaojua kwa nini umekataliwa. Kwenye Red Hat na ndugu zake, huduma inaitwa sshd badala ya ssh, na kuna kitu kimoja zaidi cha kuangalia, nacho ni lebo za SELinux, mfumo wa ziada wa kudhibiti nani aguse faili gani: folda ya .ssh iliyohamishwa kutoka mahali pengine huja na lebo isiyofaa, na restorecon -Rv huirekebisha.

Tumeshughulikia rufiji kumtambua mgeni wake. Upande wa pili wa jambo hilo, yaani pangani kuitambua rufiji, hupuuzwa mno. Kila seva ya SSH ina funguo zake yenyewe, zinazokaa /etc/ssh, na mara ya kwanza unapoingia unaulizwa kama unaitambua alama ya ufunguo wake. Karibu kila mtu hujibu yes bila kusoma. Katika kazi inayojiendesha, wapo wanaoandika StrictHostKeyChecking no ili swali lisitokee kabisa, na hapo wanakuwa wameondoa kinga pekee dhidi ya mtu aliyejiweka katikati. Sahihi ni kufungua konsoli ya rufiji na kuuliza:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Jibu ni alama inayoanza na SHA256. Pangani inapouliza, unaweza kuibandika alama hiyo mahali pa kuandika yes, jambo linalowezekana tangu OpenSSH 8.0 ya mwaka 2019, na programu yenyewe italinganisha kwa niaba yako. Macho huchoka kulinganisha herufi arobaini na tatu; programu haichoki. Nasisitiza pia jambo moja kwa wanaonakili mashine pepe: seva zilizotokana na nakala moja huenda zikawa na funguo za seva zinazofanana, ikimaanisha kwamba yoyote kati yake inaweza kujifanya nyingine. Katika Debian, futa mafaili ya ssh_host kwenye nakala mpya na uendeshe dpkg-reconfigure openssh-server ili itengeneze mengine.

Kule pangani, faili la ~/.ssh/config linapunguza mambo ya kuandika na, muhimu zaidi, linaondoa utata:

Host rufiji
    HostName 10.20.0.11
    User bakapu
    IdentityFile ~/.ssh/rufiji_bakapu
    IdentitiesOnly yes
    BatchMode yes

IdentitiesOnly inaagiza ufunguo huu tu ndio utolewe. Bila hiyo, mtu mwenye funguo nyingi kwenye ajenti wake atazitoa zote moja baada ya nyingine, na kwa kuwa sshd kwa kawaida huruhusu majaribio sita, ataweza kufungiwa kabla ufunguo sahihi haujafikiwa. BatchMode nayo inakataza swali lolote, ili kitu kikiharibika kazi ishindwe papo hapo na kutoa taarifa, badala ya kusubiri nywila mpaka asubuhi.

Baada ya hapo amri ya bakapu ni rsync -a rufiji:/ /srv/bakapu/rufiji/, ambapo mkwaju ulio baada ya rufiji hauelekezi kwenye mzizi wa seva bali kwenye ile folda ambayo rrsync imeifungia. Jaribu pia vitu visivyotakiwa kufanya kazi. Andika ssh rufiji id na uhakikishe rrsync inakujibu kwamba ombi lako si la rsync. Jaribu kupeleka faili na uone linakataliwa. Toa ufunguo huohuo kutoka kwenye anwani nyingine na uone haukubaliwi. Sharti ambalo halijajaribiwa silihesabu kuwa lipo.

Ufunguo ukishafanya kazi, nywila zifungwe kwa seva nzima, vinginevyo programu za kubahatisha nywila zinazozunguka intaneti usiku na mchana zitaendelea kuugonga mlango ule wa zamani. Masharti ni PasswordAuthentication no na KbdInteractiveAuthentication no, pamoja na PermitRootLogin no. Tahadhari iko kwenye mahali pa kuyaandika. Faili kuu la sshd_config katika Debian na Ubuntu huanza kwa kuyaita mafaili yaliyomo kwenye /etc/ssh/sshd_config.d, na kwa sshd thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshinda. Kwenye seva nyingi za kukodi kuna faili la 50-cloud-init.conf lenye PasswordAuthentication yes, hivyo msimamizi huandika no kwenye faili kuu, huwasha huduma upya na kuondoka akiamini amefunga, ilhali nywila bado zinakubalika. Mimi huandika faili langu kwa jina la 10-nywila.conf ili lisomwe mapema, kisha nauliza sshd yenyewe inaelewaje:

sshd -t
sshd -T | grep -i passwordauthentication

Ya kwanza inakagua makosa ya uandishi, ya pili inatoa thamani itakayotumika kweli. Usifunge kikao ulichomo mpaka umefungua kingine kwa ufunguo na kimekubali.

Linalohusiana na hilo ni jinsi binadamu wanavyofika kwenye seva za ndani. Pangani haionekani kutoka nje, kwa hiyo msimamizi hupitia rufiji. Njia ya zamani ilikuwa kupitisha ajenti kwa -A, ambayo humwachia root wa rufiji nafasi ya kuutumia ajenti wako kwa muda wote utakaokuwa umeunganishwa. Tangu OpenSSH 7.3 ya mwaka 2016 kuna -J, ambayo hupitisha tu mawasiliano yaliyosimbwa kati ya kompyuta yako na pangani, na rufiji haigusi ufunguo wala ajenti. Sioni sababu ya kuendelea na -A.

Nimebakiza habari ya funguo kuishi muda mrefu kuliko waliozitengeneza. Mwezi Mei 2008 Debian ilitangaza kwamba mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2006 kwenye kifurushi chake cha OpenSSL yalikuwa yameharibu uzalishaji wa namba nasibu, na mgunduzi wa kasoro hiyo alikuwa Luciano Bello. Kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, katika kila muundo wa kompyuta, kulikuwa na funguo 32,768 tu zilizowezekana kutengenezwa, idadi ambayo mtu anaweza kuzijaribu zote. Waliokuwa na orodha ya funguo zao walizibadilisha mara moja. Wasiokuwa nayo walilazimika kuingia seva moja moja kutafuta, na ufunguo dhaifu uliotengenezwa Debian ungeweza kuwa umewekwa kwenye seva ambayo yenyewe haijawahi kuwa na Debian.

Hali ya ofisi za kawaida ni nyepesi zaidi ya hiyo, lakini inafanana. Mtu akiacha kazi, akaunti yake ya barua pepe hufungwa siku hiyohiyo, nywila yake kwenye seva hufungwa kwa passwd -l, na hakuna anayekumbuka kwamba passwd -l peke yake haiuzuii ufunguo wake kuendelea kuingia. Ndiyo maana, kwa akaunti za mashine, napenda kuyahamishia mafaili ya funguo /etc/ssh/authorized_keys/ kwa kuweka AuthorizedKeysFile /etc/ssh/authorized_keys/%u, yakimilikiwa na root na yakiwa na ruhusa 644. Yote yanakuwa mahali pamoja pa kukagulia, na mvamizi aliyeiteka akaunti hawezi kujiongezea ufunguo wake wa kurudia.

Kujua ni ufunguo gani bado unatumika si kazi ya kubahatisha. Kila anayeingia, sshd huandika kwenye logi Accepted publickey, jina la akaunti, anwani na alama ya ufunguo uliotumika. Linganisha alama hizo na orodha ya ssh-keygen -lf, na zile ambazo hazionekani kwenye logi za muda wa kutosha, kwa kuzingatia kazi zinazoendeshwa mara moja kwa mwezi au mwisho wa robo mwaka, ulizia mwenye nazo kisha uzifute.

Ufunguo unaotumika nao unabadilishwa kwa utaratibu huohuo. Wa umma mpya unaongezwa chini ya wa zamani ukiwa na masharti yaleyale, config ya pangani inaelekezwa kwenye wa siri mpya, na bakapu ya usiku mmoja inaachwa ipite. Logi ya asubuhi ikionyesha alama mpya, mstari wa zamani unafutwa rufiji, unajaribu kuingia kwa ufunguo wa zamani kwa makusudi, na ukijibiwa Permission denied (publickey), mafaili yake mawili nayo yanafutwa pangani.